Kutosha albamu ya elektropopu wewe mwenyewe: toka chumba mpaka ku masikio ya watu

Ordinateri moja ya mukono wa pili, kaski, mikro ya bei ndogo: leo vitu hivi vinatosha kwa kutengeneza albamu nzima ndani ya chumba cha kulala. Shida inaanza kisha. Nyimbo ziko tayari, lakini hakuna produsa, hakuna kampuni ya kuuzisha, na mwenyewe hajui aanzie wapi. Wamoja wanatuma nyimbo zote mu WhatsApp siku moja, na kisha wiki mbili kila mutu amesahau. Wengine wanatia sahihi ku karatasi ambayo hawakusoma, na nyimbo zinakuwa za mutu mwingine.

Makala hii inaeleza namna ya kutosha albamu bila kupitia kampuni. Tunachukua mufano wa muziki mumoja wenye vijana wengi wanarudilia: elektropopu ya miaka ya 1980, ile ya masauti ya sintetizeri na mashini ya ngoma. Lakini yale tunayosema juu ya haki, fishie na feza yanafaa pia kwa mwenye kuimba rumba, rap ao nyimbo za kanisa.

Elektropopu njo nini?

Ni nyimbo fupi za kuimba, zenye kila chombo ama karibu kila chombo kinatoka mu mashini: besi ya sintetizeri, ngoma ya mashini, na sauti ya mutu juu yake. Mu Ujerumani, kikundi Kraftwerk cha Düsseldorf kilifungua njia mu miaka ya 1970. Mu Japani, Yellow Magic Orchestra walianza mu 1978. Mu Uingereza, Depeche Mode walitosha albamu yao ya kwanza mu 1981. Mu Ufaransa, Jean-Michel Jarre alikuwa amekwisha kutosha Oxygène mu 1976, muziki bila maneno, yenye alirekodi mu studio ndogo ndani ya nyumba yake ku Paris.

Masauti tunayoita leo « ya zamani » yalitoka mu mashini chache. Roland TR-808, mashini ya ngoma, ilianza kuuzishwa mu 1980. Yamaha DX7 ilifika mu 1983. Piano yake ya umeme, yenye kulia sawa kengele, ilisikiwa mu nyimbo za dunia nzima. Mwaka huo huo wa 1983 njo mashini za kampuni mbalimbali zilianza kusemezana kwa njia ya MIDI, lugha moja yenye bado inatumika leo. Soukous yenye Wakongomani walirekodi ku Paris mu miaka hiyo ilitumia pia sintetizeri na mashini ya ngoma. Kwa hiyo masauti hayo si ya wageni mu masikio yetu. Wazazi wengi walicheza juu yake.

Wenye walitangulia bila kampuni

Afrika ina mifano ya kutosha ya watu waliofanya kazi hii peke yao.

Wa kwanza ni Francis Bebey wa Kamerun. Alizaliwa Douala mu 1929, akafanya kazi ya uandishi wa habari ku radio, kisha akatumika ku UNESCO, Paris, mu mambo ya muziki. Mu 1974 aliacha kazi hiyo kusudi aishi kwa muziki. Alirekodi nyumbani kwake, akachanganya klavie za umeme na mashini ya ngoma pamoja na sanza, ndugu ya likembe yetu. Rekodi nyingi alizitosha chini ya alama yake mwenyewe, Ozileka. Alikufa mu 2001. Miaka kumi hivi kisha, kampuni ya Ufaransa, Born Bad Records, ilikusanya nyimbo zake za miaka ya 1975 mpaka 1982, na vijana wa Ulaya wakaanza kuzicheza sawa vile zilitoka jana.

Wa pili ni William Onyeabor wa Enugu, Nijeria. Toka 1977 mpaka 1985 alitosha albamu nane chini ya kampuni yake mwenyewe, Wilfilms. Alikuwa na studio yake na mashini zake za kuchapa sahani. Kisha akawa mukristo wa kuokoka, akaacha muziki na hakupenda tena kuongea juu yake. Mu 2013, Luaka Bop ya New York ilitosha mukusanyo wa nyimbo zake. Alikufa mu 2017.

Wa tatu, Ata Kak wa Ghana, anafundisha zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiishi Toronto, Kanada, alirekodi nyimbo saba ndani ya nyumba, yeye mwenyewe, na ordinateri ya Atari na klavie. Mu 1994 kaseti yake, Obaa Sima, ilitoka ku Ghana: karibu kopi 50 tu, na tatu tu zilinunuliwa. Mu 2002, Mumarekani mumoja, Brian Shimkovitz, alinunua kaseti hiyo ku Cape Coast. Mu 2006 akaitia mu intaneti, na watu wa mbali wakaipenda sana. Lakini mwenyewe hakuwa anajua kitu. Shimkovitz alimutafuta miaka mingi. Albamu ilitoka tena mu 2015, na ile wakati kanda ya asili ilikuwa imeharibika.

Tuchukue hapa mafundisho mawili: muziki wako inapashwa kutembea na jina lako na njia ya kukupata, na fishie za asili inapashwa kuchungwa.

Kurekodi mu chumba

Hauna lazima ya kununua DX7 ya kweli. Dexed ni programu ya bure yenye kulia sawa DX7. TAL-NoiseMaker, nayo ya bure, inatoa besi na masauti ya zamani. Kwa kupanga wimbo, LMMS ni ya bure. Audacity inafaa kwa kurekodi sauti na kuikata. Na mwenye hana ordinateri anaweza kuanza na BandLab ku telefone. Programu za wizi zinaleta virusi, na kila mutu anajua namna ordinateri inaweza kufa siku mbili mbele ya kumaliza kazi.

Chumba njo kinasumbua zaidi. Mvua ku mabati, grupu ya jirani, motari, watoto wa parcelle: vyote vinaingia mu mikro. Warekodi wengi wanangoja usiku. Tundika blanketi nyuma yako, simamisha godoro mbele yako, na usogee karibu na mikro. Ngoma na klavie vinatoka ndani ya mashini, kwa hiyo unaweza kuvifanya saa yoyote. Chunga saa za kimya kwa sauti tu. Juu ya kura yenye kukatika, zoea kusovu kazi kila kisha dakika tano, na kila siku chini ya jina jipya: « wimbo3-a », « wimbo3-b ». Hivi, fishie moja ikiharibika, haupotezi yote.

Kwa kupata ladha ya zamani, tumia vitu kidogo. Wanamuziki wa 1982 walikuwa na masauti machache, na kila sauti ilikuwa na nafasi yake. Chagua mashini moja ya ngoma, besi moja, klavie mbili, na uzitumie mu albamu nzima. Nyimbo nane za dakika nne zinatosha. Albamu ya nyimbo ishirini inachosha musikilizaji na inakula mega zake.

Angalisho moja: usichukue ngoma ama melodi yenye iko tayari mu intaneti bila kusoma masharti yake. « Bure » maana yake mara nyingi ni bure kwa kujifunza, si kwa kuuzisha. Tena kama watu mia wametumia kipande kile kile, mashini za YouTube zinaweza kudai kwamba wimbo wako ni wa mutu mwingine, na feza yako ikafungwa.

Ukimaliza kuchanganya, sikiliza ku kaski, ku telefone ya kawaida, ku bafle ya bistro, na ku radio ya gari ukiweza. Kama maneno hayasikilike ku telefone, rudilia, juu wengi watakusikiliza hapo. Kwa kutuma mbele, tosha fishie za WAV. Usisukume sauti mpaka ipasuke: Spotify yenyewe inashusha nyimbo zenye kelele mpaka karibu na kipimo cha LUFS -14.

Nyimbo ni za nani?

Mu Kongo, sheria ya haki za watunzi ni ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Inasema jambo moja lenye watu wengi hawajui: haki ya mutunzi inaanza siku kazi inatengenezwa. Hakuna muhuri wala ofisi yenye kukupa haki hiyo. SOCODA, shirika la haki za watunzi lililochukua nafasi ya SONECA, kazi yake ni kukusanya feza ku wenye kutumia muziki, sawa vile radio na mabaa, na kugawia wanamemba wake. Kuingia SOCODA ni vizuri, lakini hata bila hiyo wimbo ni wako.

Lakini kuwa na haki na kuionyesha ni vitu viwili. Chunga maneno yaliyoandikwa na tarehe, chunga fishie za kwanza, na ujitumie nyimbo ku imeli yako mwenyewe kusudi tarehe ionekane.

Ugomvi mwingi hautoke ku wezi wa mbali. Unatoka kati ya marafiki. Mumoja alipiga klavie, mwingine aliimba kiitikio, mwingine aliazima ordinateri. Mbele albamu itoke, kaeni chini, andikeni ku karatasi moja: jina la kila wimbo, nani aliandika maneno, nani alitengeneza muziki, kila mutu ana asilimia ngapi. Kila mutu atie sahihi na abakie na kopi. Mukifanya hesabu wakati feza haiko bado, munabaki ndugu.

Na kama mutu anakuja na kontra, anasema « nitakulipia studio, nitakulipia klipu », soma mistari mitatu: rekodi zinabaki za nani, kwa miaka ngapi, na faida inagawiwa namna gani. Kama karatasi inasema rekodi zinakuwa zake milele, umeuzisha shamba, haukukodesha.

Kuchunga fishie

Dakika moja ya WAV ya kawaida ina uzito wa mega kumi hivi. Albamu ya dakika 32 inafika karibu mega 340. Hiyo inaingia mu flashi yoyote. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuwa na kopi moja tu.

Kanuni ni nyepesi: kopi tatu, mu vyombo viwili tofauti, na moja mu pahali pengine. Moja mu ordinateri, moja mu diski ya inje ama flashi, moja kwa ndugu wa muji mwingine ama mu intaneti. Mu majimbo yetu, kanuni hii ina uzito wake. Watu wamekimbia mara ngapi? Mutu anabeba watoto, godoro na sufuria. Ordinateri inabaki, na ukirudi haiko tena. Flashi inaingia mu mufuko wa suruali. Fishie zenye ziko kwa dada Uvira, Kampala ama Bujumbura hazikimbie.

Usichunge tu wimbo uliokwisha. Tosha pia kila chombo peke yake mu WAV: ngoma, besi, klavie, sauti. Kisha miaka kumi programu yako inaweza kukataa kufunguka, lakini WAV itafunguka.

Kutosha mu intaneti

Spotify, Apple Music na Deezer hazipokee nyimbo moja kwa moja toka kwa mwanamuziki. Inapashwa kupitia musambazaji, sawa vile DistroKid, TuneCore ama CD Baby. Wamoja wanalipisha kila mwaka. CD Baby inalipisha mara moja, kisha inakata asilimia 9 ya feza inayoingia. Mbele ya kulipa, uliza maswali matatu. Nitalipa na karti gani? Feza yangu itanifikia kwa njia gani hapa Kongo? Na nikiacha kulipa mwaka kesho, nyimbo zitabaki ama zitatoka? Audacious haraka inapoteza dola nyingi; swali la pili peke yake limekwisha kuangusha wengi, juu njia za malipo za ngambo hazifike zote huku kwetu.

Tayarisha picha ya mbele ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya telefone na bila alama ya kampuni nyingine. Andika majina kwa namna moja tu. Kama leo unajiita « Dj » na kesho « DJ » na jina lingine, mashini itafikiri muko watu wawili. Kila wimbo utapata namba yake, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Iandike mu kaye, usiipoteze ukibadilisha musambazaji. Weka tarehe ya kutoka wiki nne mbele, kusudi kama kuna kosa upate wakati wa kulisahihisha.

Juu ya faida, tusidanganyane. Kusikilizwa mara moja ku Spotify kunaleta chini ya senti moja ya dola. Mara 1,000 hazifikishe dola kumi. Tena toka 2024, wimbo wenye haukufikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwe kitu. Na mutu akikuahidi « mara 50,000 kwa dola 20 », ni mashini zinasikiliza, si watu. Nyimbo zinaweza kufutwa juu ya hilo.

Bandcamp ni njia nyingine: musikilizaji analipa bei ya albamu, na wao wanakata asilimia 15 ku fishie. Inafaa kwa ndugu wa diaspora wenye kupenda kusaidia. Lakini feza inapita ku PayPal. Kama ni ndugu wa ngambo njo atapokea kwa jina lako, andikeni pia ku karatasi.

Kwetu: flashi, telefone na radio

Musikilizaji wa Butembo, Baraka ama Bunia mara nyingi hana mega za kupoteza. Anapata nyimbo kwa Bluetooth, kwa Xender, kwa WhatsApp, ama kwa kijana mwenye meza ya kutia nyimbo mu karti memwari. Usipigane na njia hiyo; itayarishe.

Kwanza, tengeneza MP3. Kwa kipimo cha 128, albamu yetu ya dakika 32 inakuwa mega 31 hivi. Kwa 320, karibu mega 77. Tosha mbili: nyepesi ya kutembeza na nzito ya kuuzisha. Pili, andika ndani ya fishie yenyewe jina lako, jina la albamu, mwaka na namba ya kukupata. Fishie inatembea bila picha na bila maelezo. Wimbo wenye kuitwa « Track 03 » ni yatima. Tatu, uzisha kwa M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money: mutu anatuma feza, wewe unamutumia albamu. Wenye meza za nyimbo nao, ongea nao: wape albamu mbele ya wengine, mukubaliane wanachukua ngapi.

Radio inabaki mulango mukubwa. Leta flashi yenye nyimbo mbili ama tatu tu, zile unazoamini, na karatasi moja: jina, muji, maneno ya nyimbo, na mistari mitano juu ya albamu. Maneno ni muhimu, juu muongozaji hapendi kucheza wimbo wenye hajui unasema nini, zaidi mu wakati wa mivutano. Usije na nyimbo nane ukiomba zote zipite.

Wamoja wanatafuta feza kwa mabanga, ni kusema kutaja majina ya watu ndani ya wimbo kwa malipo. Ni desturi ya muziki wetu, na inaweza kulipa studio. Lakini jina likiingia mu wimbo halitoke tena. Fikiri kama utafurahi kulisikia kisha miaka kumi.

Hesabu ya mwisho

Andika kila kitu ulichotumia: mafuta ya grupu, mega, mikro, picha, musambazaji. Tuseme imefika dola 60 na unauzisha albamu dola moja. Inapashwa wanunuzi 60 mbele ya kuona faida. Namba hiyo haitishi. Hesabu majina: wanafunzi wa zamani wa darasa, wanakorali, watu wa avenue, ndugu wa ngambo. Wengi wanafika 60 kwa kuuliza mutu kwa mutu, si kwa kungoja mashini.

Kwa mpango wa wakati: mwezi wa kwanza, maliza kuchanganya na utie sahihi karatasi ya kugawa. Mwezi wa pili, fanya kopi tatu, picha na musambazaji. Mwezi wa tatu, tosha wimbo mumoja ku radio na ku telefone, kisha albamu nzima wiki tatu baadaye. Kisha kazi inaendelea: Onyeabor alitosha albamu nane ndani ya miaka nane. Albamu ya kwanza inajulisha jina. Ya pili njo inaonyesha kama watu walisikia.